Mayai ya kuvuruga yanatoka makavu na kuchuruzika maji: tatizo liko kwenye moto na kipimo cha maziwa

Swali: Habari za kazi. Naomba msaada kuhusu mayai ya kuvuruga. Kila nikipika yanatoka makavu, yanavunjikavunjika, na yakikaa kidogo sahanini yanachuruzika maji mpaka mkate unalowa. Natumia mayai matatu ya kisasa, robo kikombe cha maziwa, vijiko viwili vya mafuta ya alizeti na jiko la gesi la mezani la plate mbili. Mafuta nayaacha yachemke vizuri kwanza, chumvi naweka mwishoni. Nikitia nyanya ndiyo yanaharibika kabisa. Niliwahi kula kwenye hoteli moja ya watalii Arusha, yalikuwa laini, mazito, unayachota kwa kijiko. Wao wanaweka nini? Na je, naweza kuyapika usiku niwafungie watoto asubuhi waende nayo shule? Mama wa watoto wawili, Morogoro.

Jibu: Nzuri, mama. Ahsante kwa kuandika vipimo vyako vyote, maana tatizo linaonekana humo humo. Maziwa ni mengi mno, mafuta yana moto mno, na bila shaka unaepua umechelewa, kwa sababu kwenye moto huo hakuna anayewahi. Hotelini huweka siagi, na wengine humalizia na kijiko cha malai, yaani krimu ya maziwa, lakini siagi hiyo hiyo ukiitia kwenye kikaango kinachofuka moshi utapata mayai makavu yenye harufu ya siagi. Ulaini unatokana na namna ya kupasha joto. Ukilielewa hilo, utayapata hata kwa mafuta ya alizeti uliyo nayo.

Yai moja la kisasa la ukubwa wa kawaida, likishatolewa ganda, lina gramu 50 hivi. Ute wake karibu asilimia 90 ni maji. Kiini karibu nusu yake ni maji, na karibu theluthi ni mafuta. Kwa hiyo kwenye mayai yako matatu, kabla hujaongeza tone la kitu chochote, tayari una zaidi ya gramu 100 za maji, na kazi yako yote jikoni ni kuyafanya yabaki ndani.

Kinachoyashika ni protini. Kwenye yai bichi kila protini imejikunja na inaelea peke yake, ndiyo maana yai linamwagika. Joto likiingia, protini zinakunjuka, zinashikana, zinafuma wavu, na maji yanabaki kwenye matundu ya wavu huo. Ute huanza kushika kwenye nyuzi 62 za Selsiasi hivi. Kiini huanza kuwa kizito karibu na 65 na kushika kwenye 70. Mayai yaliyopigwa pamoja, ute na kiini, huwa yameganda kwenye nyuzi 73 hivi, na hapo ndipo yanakuwa matamu na laini. Lakini ile protini iliyo nyingi kuliko zote kwenye ute haikazi mpaka ifike karibu na nyuzi 80. Ukifika huko, wavu unajivuta, matundu yanabana, na maji yanakamuliwa nje. Hayo ndiyo maji unayoyaona sahanini, na ukavu unaousikia mdomoni ni wavu uliobaki.

Kwa hiyo nafasi uliyo nayo kati ya mayai laini na mayai yaliyokauka haifiki nyuzi 10. Mafuta ya alizeti yanayoanza kutoa moshi yamepita nyuzi 200. Ukimimina mayai humo, sehemu inayogusa chuma inaruka hatua zote kwa sekunde chache wakati ya juu bado ni mbichi. Unakoroga kuyachanganya, mbichi inashuka nayo inaungua, na mwisho una vipande vikavu vilivyoshikwa na vipande vibichi. Unaendelea kupika ili vibichi viive, na vile vikavu vinazidi kukauka. Moto mdogo unafanya kazi moja tu, kukupa muda. Zile nyuzi chache zinazopitwa kwa sekunde kwenye moto mkubwa, kwenye moto mdogo zinachukua dakika, na mkono wako unawahi.

Sasa maziwa. Robo kikombe ni mililita 60, yaani umeongeza kimiminika kinachokaribia asilimia 40 ya uzito wa mayai. Protini ni zile zile, ila sasa ziko mbali mbali, wavu wake ni dhaifu, na unahitaji joto kubwa zaidi ili ushike. Hapo unakuwa umejifungia mlango pande zote mbili: ukiepua mapema ni majimaji, ukisubiri yashike yanapita kiwango na kutema maji yote uliyoongeza. Watu wengi wameambiwa maziwa ndiyo yanayolainisha, hivyo mayai yakikauka wanaongeza maziwa, na tatizo linakua. Kwa mayai matatu, kijiko kimoja cha chakula, mililita 15, kinatosha na kisizidi. Unaweza kuyaacha maziwa kabisa na usione pengo. Ukiyatia, yawe maziwa yenye mafuta yake. Maziwa yaliyoondolewa mafuta ni maji zaidi tu. Maziwa ya kopo yasiyo na sukari yanafaa, malai yanafaa, na tui zito la nazi, lile la kwanza lisilotiwa maji, linafaa sana kwa kipimo hicho hicho na linaleta ladha yake.

Vipimo vya mtu mmoja mwenye njaa au wawili wanaokula na mkate ni hivi: mayai matatu ya kisasa, robo kijiko cha chai cha chumvi laini, kijiko kimoja cha chakula cha siagi, na ukitaka kile kijiko kimoja cha maziwa. Chumvi hiyo ni kama gramu moja na nusu, asilimia moja ya uzito wa mayai, na kwa walaji wengi ndiyo kiasi chake. Kama unatumia majarini au siagi iliyotiwa chumvi, punguza chumvi kidogo. Samli inafaa, ila ina harufu kali, weka nusu ya kipimo cha siagi. Kama siagi ni ghali kwa sasa, tumia kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti kwa ajili ya kikaango, kisha ongeza kiini cha yai la nne kwenye mchanganyiko. Kiini kina mafuta na protini zinazoshika kwa ulaini, na tofauti utaiona kwa macho. Ute uliobaki utie kwenye mchanganyiko wa maandazi au chapati za maji.

Mayai ya kienyeji ni madogo, mengi yana gramu 40 hivi au pungufu, basi tumia manne badala ya matatu. Yanafaa mno kwa pishi hili kwa sababu kiini huchukua sehemu kubwa ya yai. Rangi isikubabaishe. Kiini cheupe cheupe cha kuku wa kisasa kinatokana na chakula chake, hasa akilishwa mahindi meupe. Kuku anayekula majani au mahindi ya njano anataga kiini cha rangi iliyokolea. Ulaini hauhusiani na rangi hiyo. Unahusiana kidogo na upya wa yai: yai la zamani ute wake umekuwa mwepesi wa maji. Lipime kwenye bakuli la maji. Likilala chali ni jipya, likisimama wima limekaa ila linalika, likielea liache. Na kila yai livunjie kwanza kwenye kikombe kabla ya kulichanganya na mengine.

Chumvi uliyokuwa ukiitia mwishoni ihamishe mwanzoni. Itie kwenye mayai mabichi, piga, kisha yaache yakae dakika 15 ukiwa unachemsha chai. Utaona rangi imekolea na mchanganyiko umekuwa mwepesi kuliko mwanzo, usishtuke. Chumvi inabadilisha namna protini zinavyovutana, kiasi kwamba zikipata joto hazijikazi sana, na maji yanabaki ndani. Wapo wanaosema chumvi ya mapema inayafanya mayai yatoe maji. Jaribu mara moja uweke mafungu mawili, moja la chumvi ya mapema na jingine la mwishoni, uyaache sahanini dakika tano. Fungu linalochuruzika zaidi ni la pili. Kama huna dakika 15, hata kutia chumvi unapoyapiga na kuyapika papo hapo ni afadhali kuliko kuinyunyiza mwisho, ambapo chembe zake hazienei.

Kupiga nako kuna kipimo. Tumia uma, piga kwa kukata kata ute mpaka usione tena mistari myeupe, kama nusu dakika hadi dakika moja. Mistari ikibaki, itaganda kabla ya mengine na utakutana na vipande vyeupe vigumu. Lakini usipige mpaka povu lijae, kwa sababu mapovu yanaleta mayai yenye matundu matundu, mepesi, na wewe unataka mazito. Ukitaka yawe laini kabisa bila hata kile kinyuzi cheupe kilichoshika kiini, yapitishe kwenye chujio la chai.

Kikaango kiwe kidogo. Kwa mayai matatu, kipana cha sentimita 20 kinatosha. Kwenye kikaango kikubwa mayai yanasambaa yakawa utando mwembamba, na utando huo unaiva wote kwa mara moja kabla hujaugeuza. Kisichoshika ndicho rahisi zaidi. Sufuria ndogo ya aluminiamu inawezekana, ila mayai hung'ang'ania chini na utapoteza sehemu. Kikaango cha chuma kitupu kinaweza kuyapa rangi ya kijivu. Mwiko uwe wa mbao wenye ncha iliyonyooka au ule wa silikoni, ili ukwangue kitako chote na kona zake, kwa maana pale mwiko usipofika ndipo yanapoanzia kukauka.

Upishi wenyewe sasa. Washa plate ndogo, moto uwe wa chini kabisa ambao hauzimiki. Weka nusu ya siagi. Iyeyuke taratibu na kutoa povu jepesi bila kubadilika rangi wala kupiga kelele. Ikianza kuwa ya kahawia, epua kikaango kipoe kidogo. Mimina mayai. Kwa sekunde 40 au hata dakika nzima hutaona kitu kinachotokea, na hapo ndipo wengi wanaongeza moto. Usiongeze. Koroga polepole bila kusimama, kitako na pembeni, kitako na pembeni. Baada ya dakika ya kwanza hivi mwiko utaanza kuwa mzito, na mabonge madogo laini yatatokea kwenye kimiminika. Endelea. Yakianza kutokea kwa kasi kuliko mkono wako, inua kikaango juu ya moto kwa sekunde 10 huku unakoroga, kisha kirudishe. Kuinua huku ni sehemu ya pishi, fanya mara nyingi kadiri unavyoona inafaa. Jiko la gesi la mezani mara nyingi moto wake wa chini bado ni mkali katikati, na kuinua ndiyo dawa yake. Ukichoka kuinua, weka kikaango kizito cha chapati juu ya plate kwanza, kisha kile cha mayai juu yake. Chuma kile kinausambaza moto na kuupunguza makali.

Kati ya dakika ya nne na ya sita utafika mahali pa kuamua. Pitisha mwiko katikati ya kikaango moja kwa moja. Kama mayai yanajifunga mara moja, bado. Kama njia inabaki wazi kwa sekunde moja hivi ndipo yanajifunga taratibu, epua hapo hapo. Yatakuwa bado yanang'aa, na macho yatakuambia hayajaiva. Kikaango kina joto lake na mayai yenyewe yana joto lake, na yataendelea kuiva kwa karibu dakika nzima nje ya moto. Anayesubiri yaonekane yameiva kikaangoni atayala yamepitiliza. Tia ile nusu ya siagi iliyobaki ikiwa baridi, au kijiko cha chai cha malai baridi, koroga sekunde 20. Ubaridi huo unasimamisha upishi, na mafuta yanajipaka juu ya mabonge, ndipo unapata ule ulaini ulioula Arusha. Mimina sahanini mara moja. Usiyaache kikaangoni hata kama umezima jiko, ukaenda kumwita mtu. Na sahani isiwe ya baridi kali. Isuuze kwa maji ya moto uifute.

Kama unapenda mabonge makubwa laini badala ya uzito wa uji, moto uwe juu kidogo ya wa chini, mimina, subiri sekunde 10, sukuma mayai kutoka pembeni kwenda katikati, subiri tena, sukuma. Dakika moja na nusu hadi mbili yamekwisha. Njia hii ni ya haraka lakini haisamehe, ifuate baada ya kuizoea ile ya kwanza.

Kwa wenye jiko la mkaa, moto wa chini ni shida kweli kweli, na nisingewashauri wahangaike na kikaango. Bandika sufuria yenye maji ya kina cha sentimita tatu au nne. Yakichemka, punguza mkaa au ufunike kwa majivu mpaka maji yawe yanatokota kidogo tu. Weka juu yake bakuli la chuma lisilopata kutu, kitako chake kisiguse maji, tia siagi na mayai, ukoroge. Mvuke hauwezi kupita nyuzi 100, kwa hiyo hata ukizubaa sekunde 20 hujaharibu. Inachukua dakika 10 hadi 15 na unahitaji subira, lakini mayai yanayotoka hapo ni laini kuliko ya njia nyingine yoyote. Wapishi wa Kifaransa wamekuwa wakiyapika hivi hivi tangu zamani. Bakuli la kioo linawezekana pia, ila linachelewa kupata joto na linachelewa kupoa, basi epua mapema zaidi na umimine upesi.

Ipo njia nyingine ambayo naipendekeza kwako hasa, kwa sababu asubuhi una watoto na huna nafasi ya kusimama jikoni. Chukua kijiko kimoja cha chai cha konflawa, ule unga mweupe laini sana wa wanga wa mahindi, usichanganye na unga wa ugali. Uvuruge kwenye kijiko kimoja na nusu cha chakula cha maziwa ya baridi mpaka usiwe na madonge, kisha changanya na mayai matatu yaliyopigwa. Usiongeze maziwa mengine. Chembe za wanga zikipata joto zinavimba na kukaa kati ya protini, zinazuia protini zisikazane. Matokeo ni kwamba unaweza kutumia moto wa wastani, ukamaliza kwa dakika mbili, na mayai yakabaki laini hata ukichelewa kidogo kuepua. Yakikaa sahanini dakika 10 hayatoi maji. Usizidishe kijiko hicho, maana yatakuwa ya kunatanata mdomoni. Unga wa ngano usiutumie badala yake, unahitaji kupikwa kwa muda mrefu zaidi na utausikia mbichi.

Nyanya nayo ina historia ile ile ya maji. Nyanya ni karibu maji matupu, na ukiikatia moja kwa moja kwenye mayai inayamwaga yote humo wakati mayai yanajaribu kushika. Pika mboga peke yake kwanza. Kwa mayai matatu chukua nyanya moja ya wastani, ikate katikati, kamua mbegu na maji yake, ikate vipande vidogo. Kaanga nusu kitunguu maji kwa mafuta kidogo mpaka kilainike, tia nyanya na chumvi kidogo, acha maji yakauke mpaka ubaki na mchanganyiko mzito unaoanza kushika kikaango. Toa, weka pembeni. Futa kikaango, kipoe, pika mayai kama nilivyoeleza, na ule mchanganyiko uurudishe mwishoni kabisa, sekunde 20 kabla ya kuepua. Pilipili hoho na karoti ni hivyo hivyo, zitangulie kuiva. Giligilani na majani ya kitunguu yanyunyize baada ya kuepua. Uyoga hasa unatoa maji mengi kuliko watu wanavyodhani, ukaangwe mpaka uanze kuwa wa kahawia.

Kwa ajili ya uwazi, niseme kwamba haya yote ni ya mayai ya kuvuruga. Chipsi mayai ni pishi jingine, na lenyewe linataka mafuta ya moto ili mayai yashike chipsi kwa haraka na kupata ukoko. Mpishi wa kibandani anayefanya vile hajakosea. Ukiufuata moto wake kwa pishi hili ndipo utakosea.

Kuhusu hotelini, wakati mwingine utakuta mayai kwenye meza ya kujihudumia yakiwa yamekaa kwenye chombo cha moto na bado ni laini. Huko hutumia wanga au malai kama nilivyosema, na majiko makubwa mengi hununua mayai ya maji yaliyokwisha kuvunjwa na kupashwa joto la kuua vijidudu, ambayo mara nyingi huwa yametiwa asidi kidogo ya malimau ili yasigeuke rangi. Rangi ya kijani kijivu inayotokea mayai yakikaa kwenye joto ni chuma cha kwenye kiini kikikutana na salfa ya kwenye ute. Haidhuru, ila haipendezi. Ukiwa na wageni na unapika mayai 12 kwa pamoja, matone manne ya ndimu kwenye mchanganyiko yanasaidia na ladha haisikiki. Yapike kwenye sufuria badala ya kikaango, yaepue yakiwa mabichi kidogo kuliko kawaida kwa sababu wingi huo unashikilia joto, kisha yaweke juu ya maji ya moto usiyoyachemsha, yasikae zaidi ya nusu saa.

Kuna jambo la usalama ambalo silipunguzi. Mayai mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya Salmonella, nje ya ganda na mara chache hata ndani. Ganda lenye uchafu lioshe muda huo huo unapotaka kulivunja, usilioshe na kulirudisha kwenye trei, na nawa mikono baadaye. Kwa mtu mzima mwenye afya, mayai laini kutoka kwenye yai zima lisilo na ufa ni sawa. Kwa mjamzito, mtoto mdogo, mzee au mgonjwa, mayai yafike angalau nyuzi 71 na pasibaki kimiminika chochote. Kipimajoto cha jikoni kinalimaliza suala hili. Usipokuwa nacho, endelea kukoroga kwenye moto ule ule mdogo mpaka mng'ao wa majimaji uondoke wote na kila bonge liwe limeshika. Watoto wako wapikie kwa njia ya konflawa, kwa sababu hiyo ndiyo inayobaki laini ikiwa imeiva kabisa.

Sasa chakula cha shule. Mayai ya kuvuruga yaliyopikwa usiku na kupashwa asubuhi hayarudi kuwa laini, kwa kuwa kupasha ni kupika mara ya pili na wavu unakaza zaidi. Na yakifungwa kwenye kontena yakiwa ya moto yakasafiri mpaka saa nne, yamekaa saa nyingi kwenye uvuguvugu ambao vijidudu vinaupenda. Chakula cha mayai kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na kwa joto la Morogoro ningepunguza hata hizo. Unachoweza kufanya usiku ni kuyavunja mayai, kuyapiga na chumvi yake, kuyafunika na kuyaweka friji. Asubuhi yakoroge mara mbili tatu, tia maziwa yenye konflawa, na ndani ya dakika tatu watoto wanakula nyumbani kabla ya kutoka. Cha kwenda nacho shule wafungie mayai ya kuchemsha yakiwa na maganda yake, yaliyochemshwa dakika 10 tangu maji yachemke na kupozwa kwenye maji baridi, na chumvi kidogo ikunjwe kwenye karatasi pembeni. Nayo wayale mapema, maana zile saa mbili zinayahusu pia.